Ng'ombe Aliyeswagwa Ghati Hayupo

Ghati alishaingia benki ile ya Mugumu mara mbili, na mara zote mbili alitoka bila kueleza shida yake. Mara ya kwanza alikaa kwenye kiti cha kusubiri, akaona mlinzi anamtazama, akajifanya amekosea mlango. Mara ya pili alifika mpaka dirishani, akaomba kuchenjiwa noti ya elfu kumi. Mwanamke mwenye ekari moja na nusu ya nyanya na kuku mia mbili wa mayai anapanda gari kutoka Natta, analipa nauli, anakwenda kuchenji noti. Dada yake Tabitha alipopewa habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Safari ya tatu haikuwa ya kuchekesha. Evance, mtunza stoo wa kambi moja ya watalii karibu na geti la Ikoma, alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Miaka mitatu kambi ile ilikuwa ikinunua mzigo wa Ghati na kumlipa kwa simu. Sasa wakubwa wao walioko Arusha walikuwa wamekata shauri kwamba kila muuzaji alipwe kwenye akaunti ya benki, tena yenye jina la biashara. Evance hakuwa na ubaya wowote. Alimweleza tu kwamba bila namba ya akaunti, kuanzia mwezi ujao gari lao litachukulia nyanya Musoma. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Karatasi alikuwa nazo zote, zimepangwa kwenye bahasha ya kaki: leseni, TIN, cheti cha jina la biashara, kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa kijiji, na picha mbili alizopigwa akiwa amenuna. Kilichomrudisha nyuma ni deni la miaka sita iliyopita.

Wakati huo alikuwa anaishi Tarime, upande wa Sirari, mjane wa mwaka mmoja. Yeye na wanawake wengine wanne waliunda kikundi, wakakopa kwenye kampuni moja ya mikopo midogo, kila mmoja na fungu lake, wote wakidhaminiana. Mwenyekiti wao alikuwa Winfrida, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Ghati alichukua milioni moja, akanunua vitunguu. Lori likakwama kwenye matope siku tano, na vitunguu vilipofika vilikuwa vinachuruzika maji. Alirejesha kadiri alivyoweza, na zilipobaki laki sita na arobaini akaishiwa kabisa. Miezi mitatu ikapita bila kurejesha kitu, na alfajiri moja alifunga nguo zake, akamwachia jirani ng'ombe wake mmoja, akakimbilia Natta kwa Tabitha bila kumuaga mtu.

Wiki mbili baadaye jirani akampigia simu. Winfrida na wenzake watatu walikuwa wamekuja mchana kweupe, wamemfungua ng'ombe, wameondoka naye.

Kwa mtu wa kwingine labda hilo ni jambo la kuuliza: wamempeleka wapi, wamemuuza, wamepata ngapi? Ghati ni Mkurya. Kwao ng'ombe hatoki bomani bila wazee kuketi na mwenyewe kuwepo. Anayeswagwa mwenyewe hayupo, huyo ameibwa, na aliyemwiba ameshatangaza uadui. Basi Ghati hakuuliza kitu. Aliivunja laini ya simu vipande viwili, akaapa kwamba Winfrida amekufa kwake. Hesabu aliyobaki nayo ilikuwa hiyo: ng'ombe ameliwa na wenye hasira, na deni la kampuni liko palepale, linazidi kunenepa.

Aliishi na hesabu hiyo miaka sita. Siku moja pikipiki yenye maandishi ubavuni iliingia kijijini, Ghati akadhani ni wakusanya madeni, akajitupa kwenye mahindi na kulala kifudifudi karibu saa nzima. Kumbe alikuwa mtu wa chanjo za kuku. Alipomwomba dada yake akaunti ifunguliwe kwa jina la Tabitha, Tabitha hakucheka tena. Alimjibu kwamba nyanya ni za Ghati, mayai ni ya Ghati, na hofu pia ni ya Ghati, aende nayo mwenyewe.

Ndivyo alivyojikuta mbele ya meza ya binti mmoja aliyeitwa Justa, Mhaya wa Bukoba aliyehamishiwa Mugumu mwaka huo. Justa alimwamkia vizuri, akapokea bahasha, akaanza kupanga karatasi. Alipofika kwenye kitambulisho na kuanza kuandika namba, Ghati alihisi sasa kompyuta itapiga kelele. Akapiga moyo konde.

"Binti yangu, acha kwanza kuandika," alisema. "Mimi nina deni. Nilikopa Tarime nikakimbia. Kama ni kuita polisi, waite sasa hivi, nisipoteze muda wako."

Justa aliacha kuandika. Hakuita mtu. Alimweleza polepole, kama anayemweleza mama yake mzazi, kwamba kufungua akaunti si kukopa. Historia mbaya ya mkopo humfungia mtu mlango wa kukopa, lakini haimzuii kuweka fedha zake mwenyewe. Tena deni lenyewe ni la kampuni nyingine, na benki hii haina ruhusa ya kuchota hela za mteja na kuipelekea. Ghati alimwomba arudie. Justa akarudia. Ghati akamwomba mara ya tatu, maana masikio yalikuwa yanasikia lakini tumbo bado lilikuwa halijakubali.

Kisha Justa akamuuliza kama angependa kujua deni limefikia ngapi, kwa kuwa kuna taarifa zinazoonyesha mikopo ya mtu popote alipokopa. Ghati hakupenda hata kidogo. Akasema ndiyo, akasaini fomu, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Justa alisoma kimya, akarudi juu, akasoma tena.

"Mama, hapa huna deni."

"Angalia vizuri. Ghati tuko wengi."

"Namba ni ya kitambulisho chako. Milioni moja, Tarime. Ulichelewa zaidi ya miezi mitatu, na hilo limeandikwa, kwa hiyo mkopo usitegemee leo wala kesho. Lakini salio lote lililipwa na mkopo ukafungwa."

Ghati aliuliza ulifungwa lini. Justa akamsomea tarehe. Ilikuwa siku nne baada ya ng'ombe kuswagwa.

Hapo Ghati alipiga hesabu kichwani. Hesabu ya biashara anaijua, na hii haikuhitaji kalamu. Ng'ombe yule alikuwa mbavu tupu. Mnadani asingezidi laki nne hata angeuzwa na mchawi. Deni lilikuwa laki sita na arobaini. Laki mbili na arobaini zilizobaki zilitoka mahali, na walioswaga walikuwa wanawake wanne. Elfu sitini kila mmoja, wanawake ambao wakati ule walikuwa wanakopeshana chumvi.

Machozi yalimtoka palepale, bila sauti, mbele ya foleni. Alikuwa amepona, na aliona aibu, na vyote viwili vilimjia kwa pamoja. Justa alimpa tishu, akaendelea kujaza fomu. Saa sita kasoro akamkabidhi karatasi yenye namba ya akaunti, na juu yake jina la biashara: Ghati Mboga na Mayai. Ghati aliipiga picha, akamtumia Evance, naye akajibu kwamba Jumatatu alete kreti kumi.

Alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa benki. Namba ya Winfrida hakuhitaji kuitafuta. Ndiyo aliyokuwa akiitumia kurejesha fedha za mkopo kila Alhamisi, na pamoja na viapo vyote haikumtoka kichwani. Akapiga. Sauti ni ileile.

"Shikamoo mwenyekiti. Ni Ghati."

"Ghati yupi?"

"Wa vitunguu."

Ghati akaona bora aseme yote kabla simu haijakatwa. Akasema ameona tarehe leo, benki. Akasema miaka sita alikuwa anawaita wezi, na kwamba sasa ana akaunti, anazo hela, atume kwa namba ipi, zote laki mbili na arobaini, leo hii.

"Usitume," Winfrida alisema. "Tulikutafuta mwaka mzima tukupe risiti. Tulijua umekufa. Sisi wanne tulikulilia, Ghati, halafu unataka kutulipa kwa simu? Njoo tukuone uso."

Ghati alisema atakwenda Jumapili.

"Njoo Jumamosi," Winfrida alisema. "Jumapili ni mbali."