Mawifi zangu mapacha walikula sinia moja, mmoja akaisha na mwingine akavimba

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa kambi ya kufunga kula na wa kambi ya "nikinusa chapati tu nanenepa".

Nimepita kwenye ule uzi wa kubishana kwa nini mmoja anapiga sahani mbili za wali na mwili uko vile vile, halafu mwenzake anakula matango na nguo zinambana. Wengi mmeandika kwa kucheka. Mimi sikuweza kucheka, niliweka simu pembeni nikakaa kwanza.

Ninayoandika hapa niliyaona nikiwa ndani ya nyumba. Anayeona ni chai, sukari atie mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Kigoma, nimeolewa Rumonge, Burundi. Mume wangu anauza mawese, kwa hiyo ni mtu wa njiani, leo Nyanza-Lac, kesho Bujumbura. Nyumbani nilibaki na mama mkwe na mawifi zangu wawili, mapacha.

Kwa Warundi mapacha majina yao yanawasubiri kabla hawajazaliwa: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Hata Waislamu wa hapa, pamoja na majina yao ya dini, mtaani wataitwa hivyo hivyo.

Walikuwa wasichana wakubwa, mafundi wa kushona, na walifanana mpaka basi. Nilipokuja mgeni nilikuwa namtuma huyu chumvi, namgombeza yule kwa kuchelewa.

Sasa mama mkwe alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Mapasa, ndivyo anavyowaita pacha, hawatenganishwi chakula. Tangu waache ziwa wanakula sinia moja. Mmoja akinunuliwa kanga, na mwenzake anapata. Mmoja akiumwa kichwa kidonge kinakatwa katikati, na yule mzima anameza nusu yake.

Mimi na kimbelembele changu siku moja niliwapakulia mbali mbali. Mama akachukua sahani zote mbili akazimwaga kwenye sinia mbele ya macho yangu.

"Ukigawa chakula ya mapasa, umegawa roho yao," akasema. "Usirudie tena, mutoto wangu."

Nikaokota sahani zangu nikaenda kuziosha. Mkwe ni mkwe.

Basi, mambo yakaanza taratibu.

Bukuru akaanza kukonda. Na siyo kwamba hakuwa anakula, anakula kweli kweli! Ugali wa muhogo, ndagala, yaani dagaa, lengalenga, mchicha wa huku, za mawese, anafuta sinia, kisha anaifuata sufuria jikoni anakwangua ukoko. Halafu anasema bado ana njaa.

Butoyi anamega matonge mawili matatu, anavuta mkono, ameshiba. Na yeye ndiye anayenenepa. Uso ukajaa, macho yakawa madogo, vidole vikawa vinene hata pete haivuki.

Sasa jiweke wewe hapo mkekani, kila mchana unawatazama. Mmoja anatafuna, shibe inaenda kwa mwingine. Ndivyo ilivyoonekana, wala sitii chumvi. Bukuru anameza tonge, Butoyi pembeni yake anacheua. Mimi chakula kilikuwa hakinipiti.

Na haikuishia kwenye unene na wembamba.

Bukuru hakutulia. Jua la saa saba linachoma, yeye anafua. Akikaa kivulini jasho linamtoka. Mikono inatetemeka hadi chai inammwagikia. Amejifunga kanga kifuani, na lile fundo linaruka, yaani unauona moyo wake unapiga ukiwa umekaa upande wa pili wa uwanja.

Macho yakamtoka. Baada ya adhuhuri akijilaza kope hazikutani. Mtu amelala fofofo, anakoroma, na anakutazama. Nikipita pale nilikuwa nageuza uso.

Butoyi naye kinyume. Joto lile la Rumonge, sote tunajipepea, yeye kajifunika blanketi anatetemeka. Ukimuuliza kitu unaweza kumenya muhogo ukaumaliza ndipo ajibu. Sauti ikashuka, ikawa nzito na ya kukwaruza. Siku moja aliitikia hodi akiwa chumbani, jirani akaniuliza mume wangu amerudi lini.

Kisha viganja. Viganja vyake viligeuka rangi ya chungwa, kama mtu aliyechovya mikono kwenye mawese akasahau kunawa. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu, haikutoka.

Hapo ndipo mtaa ulipofunga kesi.

"Huyu iko anakula mwenzake," jirani yule yule alimwambia Mama, tena Butoyi amekaa pale pale. "Angalia mikono. Mafuta ya mutu haitoke na sabuni."

Butoyi akaviangalia viganja vyake, akavificha ndani ya blanketi. Roho iliniuma sana.

Nikampigia mume wangu, nikamwambia hawa wote wawili waende hospitali. Akakubali. Lakini Mama alikuwa ameshatangulia Kabonga kwa mufumu, mganga wa huko. Akarudi na hukumu: watenganishwe. Aliyekonda apelekwe mbali, alishwe. Aliyenenepa afunge kula, anywe maji ya majani machungu tu, mpaka arudishe nyama ya mwenzake.

Mnakumbuka ni mama gani huyu. Kusikia kinywa chake kinasema watenganishwe, ndipo nilipojua kwamba ameogopa kweli.

Bukuru akapelekwa Kabezi kwa shangazi yao. Siku ya safari mapacha walishikana mikono mlangoni wakagoma kuachana. Mama aliwafumbua kidole kimoja kimoja, huku analia.

Baada ya hapo ikaja sehemu ambayo hadi leo sipendi kuikumbuka.

Butoyi alikuwa anavimba kwa maji ya majani.

Nilimletea uji kwa siri, nimeuficha kwenye ndoo chini ya nguo chafu. Akautazama kama mtu anayetazama ukuta.

"Sina njaa, wifi. Kunywa wewe."

Mtu hajala, anasema hana njaa, na uso unazidi kujaa. Nilirudi jikoni na kikombe changu nikafunga mlango. Mimi niliyekuwa najifanya msomi wa familia nilianza kujiuliza huyu anakula wapi, na anamla nani. Uoga ukiingia ndani ya nyumba haubishi hodi chumba kwa chumba.

Kutoka Kabezi shangazi anapiga simu: "Iko anakula muzuri sana, sufuria yote. Lakini anazidi kuisha."

Mama akaweka simu chini polepole. "Umeona? Hata kule anamufikia."

Asubuhi moja nimemaliza kufagia uwanja, namkuta Butoyi amelala mkekani juani. Nikamwita, hajibu. Nikamgusa. Juani vile, wakuu, ngozi ilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Jirani akapiga yowe kwamba amekufa.

Nikaweka sikio kifuani pake. Kimya. Nikawa nataka kuinuka, moyo ukapiga. Kimya tena, kirefu mpaka na mimi nikasahau kupumua. Ukapiga tena.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilisimamisha gari barabarani, nikawaita wanaume wambebe, tukaenda hospitali. Mama alikuja nyuma, tasbihi mkononi, hakunitazama.

Tulipokelewa na daktari, dada mmoja kijana. Alimpima joto, akamshika shingo, akaniuliza imeanza vipi. Nikamweleza yote, hadi viganja, hadi Bukuru. Nilipofika kwenye viganja alishangaa kwamba tumekosa usingizi kwa ajili ya hilo. Ni rangi ya mawese tunayokula kila siku, alisema, mwili wake umekuwa mvivu mno hata kuitumia kumeushinda, imejaa kwenye ngozi.

Nilipofika kwa Bukuru, akaacha kuandika.

"Sikia, madame. Mbele ya koo iko tezi, tunaita thyroïde. Ni yeye inaamuru mwili uchome chakula mbio ao polepole. Weka mbabula mbili na makaa sawasawa. Moja umefungua mulango yote, ingine umeziba. Makaa ni ile ile. Moto itakuwa sawa?"

Mbabula ni jiko la makaa. Nikamwambia hapana, haiwezi kuwa sawa.

Mlango wa Bukuru ulikuwa wazi wote. Anachoma kila anachokula na bado mwili unajitafuna. Wa Butoyi umezibwa, chakula kidogo hakichomeki, joto hakuna, moyo unasinzia. Na ule uvimbe mwingi haukuwa mafuta wala nyama ya mtu. Mwili ulikuwa umeshika maji. Ndiyo maana kumfungisha kula hakukusaidia kitu, kulimmaliza nguvu tu.

Nikamuuliza, sasa mapacha imekuwaje mmoja huku mmoja kule? Akasema kuna wakati kinga ya mwili inaigeukia tezi yake yenyewe. Kwa mmoja inaichochea, kwa mwingine inaiua, na ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya familia. Kuwapata mapacha namna hii ni nadra, lakini hutokea.

Kwa hiyo wale wa ule uzi wa metabolism, yaani kasi ya mwili kuchoma chakula, jibu langu ndilo hili. Watu wazima wa afya tunatofautiana, ndiyo. Mwenye mwili mkubwa na misuli anachoma zaidi, umri unapunguza kasi, na mengine tunazaliwa nayo. Lakini mtu anayekula sana na anaisha, au hali na anavimba, huyo msimtanie. Apimwe damu.

Turudi wodini.

"Huyu wa Kabezi mumulete leo," daktari akaniambia. "Moyo haiwezi kukimbia hivyo siku zote."

Nikampigia shangazi pale pale koridoni, nikamwambia ampeleke hospitali ya Bujumbura, ndiyo ya karibu kwao. Akaniambia sawa, tunaenda, sinia iko mbele yake, wacha amalize kula.

Butoyi alikuwa amewekewa dripu na mablanketi, na dawa ya kwanza ameshapewa. Nimekaa kitandani nimemshika mkono, Mama yuko upande wa pili. Akafumbua macho. Akatazama dari, akasema kwa ile sauti nzito:

"Bukuru amenyamaza."

Mama akashtuka, tasbihi ikamdondoka. Hatukuwa tumemwambia habari yoyote ya Bukuru.

Simu yangu ikaita. Ni shangazi. Bukuru alikuwa ameanguka pale pale kwenye sinia, tonge mkononi. Hawakufika hata barabarani.

Nimeandika nilichosikia. Nilimuuliza daktari, akaniambia wagonjwa wa namna ile wanaweweseka sana, na dawa ile haifanyi kazi kwa saa chache, kwa hiyo akili ilikuwa bado haijamtulia. Huenda. Lakini mimi nilikuwepo, na nywele zilinisimama.

Tukamzika Bukuru. Butoyi akaendelea na dawa, na dawa ikafanya kazi yake. Uvimbe ukapungua, uso wake nilioujua nikauona tena. Akaacha blanketi. Siku moja nikamsikia anaimba kwenye cherehani, sauti ya kike, nikakaa chini nikalia.

Alivyozidi kupona, ndivyo alivyozidi kuhukumiwa.

"Si munaona?" jirani akasema. "Mwenye alikuwa anamukula hayupo tena. Sasa atanenepa na nini?"

Wakuu, utabisha nini hapo? Alikuwa mnene, wakasema anakula mwenzake. Amepungua, wakasema chakula kimekwisha. Na Mama aliamini. Aliacha kukaa naye mkeka mmoja. Chakula cha Butoyi kilikuwa kinasukumwa mlangoni, na Mama hamtazami usoni.

Nilileta karatasi ya vipimo, nikaeleza tezi, nikaeleza mbabula. Mume wangu akaeleza pia. Mama anasikiliza hadi mwisho, kisha anasema, "Na ile maneno alisema kitandani?" Hapo mume wangu anaikunja ile karatasi.

Wiki hizi nimeona Butoyi anavimba upya. Amerudi kwenye blanketi. Nikamfuata chumbani, nikamuuliza kama anameza dawa zake. Hakunificha.

"Nimeacha, wifi."

"Unataka kufa?"

Akachukua muda mrefu kujibu, kama zamani.

"Nikinenepa na Bukuru hayupo, Mama ataona sikumukula."

Na ndivyo ilivyokuwa. Juzi Mama alimtazama kwa muda, uso ule umejaa, kisha akaketi mkekani karibu naye. Butoyi machozi yakamtoka, Mama akamfuta kwa ncha ya kanga. "Kumbe hukuwa wewe, mutoto wangu," akamwambia. Akamega tonge akamlisha kwa mkono wake. Butoyi hana hamu ya kula, lakini alilimeza lile tonge huku anatabasamu.

Funzo nililopata ni dogo: ugonjwa tungeutibu mapema, wote wawili wangekuwa hai leo na wazima. Hukumu ya watu sijui inatibiwa na nani.

Nimewaandikia kwa sababu nimekwama. Daktari ameniambia akianguka tena anaweza asiamke. Dawa ninayo hapa mkononi, kidonge kidogo cha asubuhi, wala si kichungu. Mwenye hekima, mwenye mama kama huyu, yeyote, aniambie: nitamwambiaje Butoyi akimeze, wakati kuugua ndiko kulikomrudishia mama yake?