Mtaro Ulioishia Ukingoni mwa Karatasi

Siku ya mkutano wa kujadili viwanja vipya vya mlimani, Vitalia Ndunguru alipika ugali na maharage, akavitia kwenye hotpoti, akajifunga khanga na kushika njia ya ukumbi wa kigango. Jirani yake Gaudiosa alipomkuta njiani alicheka hadi akasimama.

"Dada, leo kuna pilau! Kampuni imechinja. Wewe unabeba ugali kama unakwenda kupalilia?"

"Harufu ya pilau yao imenifikia. Ndiyo maana nimebeba changu."

Vitalia alikuwa mjane, mkulima wa kahawa na mahindi. Nyumba yake ilikuwa chini ya mteremko ambao kampuni ilikuwa imeununua kwa wenyeji, akiwemo shemeji yake Joakim, ili upimwe viwanja vya makazi. Pembeni mwa shamba lake ilitoka chemchemi iliyotumiwa na kaya zote za bondeni. Mchoro wa mradi ulipobandikwa ofisi ya mtaa, alikwenda kuusoma kwa kidole. Barabara zilikuwepo, nguzo za umeme zilikuwepo, na mtaro wa maji ya mvua ulishuka mlima mzima hadi ukingo wa karatasi, ukaishia hapo. Palipoishia karatasi ndipo ilipoanzia kahawa yake.

Mteremko ule ulilimwa ngolo miaka yote, yale mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki, ambamo mvua hutuama na kunywea taratibu ardhini. Yakisawazishwa na mahali pake kuota mabati, mvua yote ingeshuka kwa mkupuo mmoja, na tope na taka zake, hadi kwenye chemchemi.

Utotoni, Vitalia ndiye aliyebeba chakula cha nyumba yao kukipeleka sengu, pale wanaume wa ukoo walipokula pamoja na kuamua mambo ya ardhi. Kila nyumba ilileta chungu chake, hivyo hakuna aliyekuwa mgeni wa mwenzake, wala aliyeona haya kubisha. Msichana aliweka chakula akaondoka. Jembe lilimhusu; maneno hayakumhusu. Siku hizi mwanamke anaitwa mkutanoni, anasaini mahudhurio, anahesabiwa. Kisha anapewa sahani iliyojaa, na pingamizi ambalo sheria inamruhusu kulitoa linashuka tumboni pamoja na wali. Kampuni ile ilijua ilifanyalo. Chakula kiligawiwa kabla ya mjadala.

Vitalia alikaa mstari wa mbele, akafungua hotpoti yake, akala polepole mbele ya wote.

Bi Asnath, ofisa mipango miji aliyehamia Mbinga kutoka Mbeya, alisoma miundombinu ya mradi kipengele kwa kipengele, kisha akainua macho. "Nikiandika kwamba hakuna pingamizi, mradi unakwenda mbele. Mwenye neno aseme leo."

Watu walichokonoa meno. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Raimundi, alikwisha kushika kalamu ya kufungia mkutano Vitalia aliposimama.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Nauliza mtaro. Ukifika ukingoni mwa karatasi, maji yanakwenda wapi?"

Frederick, mhandisi wa kampuni, alitabasamu. "Mama, huko chini ni nje ya mradi."

"Na maji yenyewe mmeyaambia kwamba hapo ni nje ya mradi?"

Ukumbi uliguna. Joakim aligeuka kwenye kiti. "Shemeji, watu wametukirimu, tusiwaaibishe."

"Wewe wamekukirimu, shemeji. Mimi nimekula changu."

Kicheko kilipasuka, na katikati yake Gaudiosa akaweka sahani chini, mdomo bado umejaa. "Mimi pilau nimekula, sikatai. Lakini na mimi nachota maji pale chemchemini!" Mwingine akasema wanawe wanakunywa pale. Ukumbi mzima ukaanza kusema.

Bi Asnath aliandika bila haraka, akafunga jalada. "Mchoro haukamiliki mpaka mtaro ufike mtoni kule bondeni. Twendeni tukaone utapita wapi."

Walishuka wote, viatu vya mhandisi vikijaa tope. Njia iliyoikwepa chemchemi ilikuwa moja tu: ukingo wa kipande kilichombakia Joakim, kisha mstari wa mwisho wa mibuni ya Vitalia. Mibuni hiyo aliipanda na marehemu mumewe mwaka waliofunga ndoa, na msimu huu ilikuwa imezaa hadi matawi yakainama.

"Mama, itabidi ing'olewe," alisema Bi Asnath. "Utalipwa fidia, lakini siwezi kukulazimisha ukubali leo."

Vitalia alishika tawi, akalipitisha mkononi hadi nchani. Bondeni, mwanamke mmoja alikuwa akijitwisha ndoo.

"Subirini nivune kwanza," alisema. "Kisha ng'oeni."

Joakim alimtazama shemeji yake, akakohoa, akamgeukia mhandisi. "Na kwangu pitisheni. Ila mjenge kwa zege, nisije nikaamka nyumba iko mtoni."

Bi Asnath aliandika sharti akiwa amesimama: kisiuzwe kiwanja hata kimoja kabla mtaro haujafika mtoni. Frederick alisoma, akatia saini, kisha akaomba vigingi vya kuonyesha njia mpya. Cha kwanza Vitalia alikikita mwenyewe, mwanzoni mwa mstari wa mibuni yake.