Vibano Vilivyogeuzwa

Mlango ulianguka Jumatatu asubuhi, nami nimeinama mbele yake.

Ulikuwa mlango wa kontena, ila si ule wa kawaida wenye mabawa mawili. Nilikuwa nimeubuni mwenyewe kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili: bamba moja pana la chuma lililoshikwa kwa bawaba upande wa chini, ambalo likisimama hufunga kontena na likilala huwa daraja la kuteremshia mizigo. Kamba mbili za waya, moja kila upande, ziliupandisha na kuushusha kwa winchi ya mkono. Asubuhi hiyo msimamizi wa yadi ndiye aliyekuwa akizungusha winchi, nami nilikuwa nikitazama bawaba. Mlango ulipofika kama nusu ya safari yake, nilisikia mlio wa kitu kigumu kikichanika, bamba likajipinda upande mmoja, kisha likashuka lote kwa pamoja. Sijui niliruka vipi. Nakumbuka upepo wake usoni, na vumbi jekundu lililoinuka hadi likaficha mabati ya Kangemi ng'ambo ya ukuta.

"Yesu!" msimamizi alisema. Kisha: "Injinia, uko mzima?"

Nilikuwa mzima. Nilikwenda moja kwa moja kukagua vibano.

Yafaa nieleze. Kila kamba ilipita kwenye pete ya mlango, ikakunjwa, na ncha yake fupi ikabanwa pamoja na kamba yenyewe kwa vibano vya chuma. Kibano kina sehemu mbili: upinde mwembamba unaouma kamba na kuiponda, na kitako chenye mifereji kinachoikumbatia bila kuijeruhi. Kanuni yake haina mjadala. Upinde hukaa upande wa ncha fupi, isiyobeba kitu. Kitako hukaa upande wa kamba ndefu, inayobeba uzito wote. Ukivigeuza, unaiponda kamba ileile unayoitegemea. Ijumaa jioni nilikuwa nimevikaza vyote kwa mkono wangu, nikavitazama, nikafika langoni na kurudi kuvitazama tena, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Sasa vyote, pande zote mbili, vilikuwa vimegeuzwa. Tena vilikuwa vimekazwa vizuri sana.

Hilo la mwisho ndilo lililonitia baridi. Kibano huweza kulegea chenyewe, kujigeuza hakiwezi.

Mwenye yadi alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Mombasa, mzee mpole aliyeishi Parklands na kuuza jenereta katika duka lake la katikati ya jiji. Ilikuwa miaka ya mgao wa umeme, na jenereta zilikuwa zikitoka kontenani mwake kila siku, zikiteremshwa juu ya mbao zilizotandazwa, huku vidole vya miguu ya wapakuzi vikilipa gharama. Ndiyo maana alikuwa amenipa kontena moja la majaribio. Mchana wa Jumatatu ile alinikaribisha dukani kwa kahawa chungu na kunisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mimi si mhandisi. Lakini mtu akifa uani kwangu, hawatakuja kukuuliza wewe. Watakuja kwangu."

"Haukuanguka kwa udhaifu wake, mzee. Vibano viligeuzwa."

"Na nani?"

"Bado sijajua."

"Basi jua. Jumatatu ijayo uniletee sababu iliyoandikwa. Ukikosa, ntaukata kwa gesi nirudishe milango yangu ya zamani, na tutabaki kuamkiana kwa wema."

Mhadhiri wangu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba ubunifu usiofanya kazi kwenye kontena la kweli ni picha, na picha haipewi shahada. Mlango ukikatwa, miaka yangu miwili ilikuwa imekatwa nao.

Nilirudi Kileleshwa, kwenye nyumba ya dada yangu, nikaanza kushuku kwa utaratibu. Wa kwanza alikuwa msimamizi, mtu wa makamo kutoka upande wa Limuru, mpole kupita kiasi. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye winchi. Yeye pia ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sanduku la spana. Waliomfuata walikuwa wapakuzi. Jenereta iliyohitaji mabega ya wanaume wanne ingeshuka kwenye daraja langu kwa mikono ya wawili, na hakuna asiyejua hesabu hiyo inaishia wapi. Hata mwenye yadi sikumwacha. Huenda alitaka mlango ushindwe mkononi mwangu, kisha ufaulu mkononi mwa mtu wake. Nilikaa mezani na kamba za viatu na vibanio vya nywele, nikivigeuza huku na huku.

"Chakula kinapoa," dada yangu alisema. "Na hao watu hujakaa nao vya kutosha kuchukiwa hivyo."

"Walikuwa wananiua."

"Wangetaka kukuua wangelegeza. Nani anayekaza nati ya kuua mtu?"

Lilikuwa swali zuri, nami nililishuku kwa sababu hiyohiyo.

Wiki ile nilikwenda yadini kila siku. Nilipoingia, mazungumzo yalikatika. Mpakuzi mmoja alikuwa akivumisha wimbo puani huku akifunga mzigo. Msimamizi akakohoa, na wimbo ukakoma.

"Injinia," mwingine akapaza sauti, "leo umekuja na kofia ya chuma ama na bima?"

Walicheka wote isipokuwa msimamizi.

Mlango ulikuwa bado umelala pale ulipoangukia. Niliupima upya, nikaona mambo ambayo sikuwa nimeyaona. Chini ya ukingo wake wa nje palikuwa na alama za duara, pana kama kitako cha pipa, zilizokwangua rangi. Juu yake, katika rangi ya kijivu niliyoipaka mwenyewe, palikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, vingi, vilivyotawanyika bila mpango. Niliviwekea kidole kimoja kimoja. Mtu, niliamua, alikuwa ameuinua mlango juu ya mapipa na kuupigapiga kwa patasi akitafuta mahali ulipo dhaifu. Nilimwuliza msimamizi vishimo hivyo vilitoka wapi. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Kwa yadi vitu hugongwa, madamu," alisema, kisha akaondoka haraka kuliko kazi iliyokuwa ikimngoja.

Kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi kuna Jumamosi, siku ambayo yadi hufanya kazi na duka zima huingia na kutoka. Mtu mwenye siri angengoja siku inayofuata. Mwenye yadi alikuwa amekataza mtu yeyote kuingia Jumapili, na lango hufungwa. Kwa hiyo Jumapili nilivaa viatu vya kutembelea, nikamwambia dada yangu nakwenda ibadani, na nikashuka hadi yadini, kando ya Waiyaki Way.

Nilisikia kayamba kabla sijafika langoni. Kisha ngoma, kisha sauti za wanawake zikipanda pamoja. Lango lilikuwa limerudishwa bila kufungwa, nami nikachungulia kwenye mwanya.

Mlango wangu ulikuwa jukwaa. Ukingo wake wa nje ulikuwa umeinuliwa juu ya mapipa matupu hadi bamba likalala sawasawa, na juu yake kwaya nzima ilikuwa imesimama kwa safu, sare za zambarau na viatu vya visigino virefu, ikiimba na kurukaruka kwa mpigo mmoja. Kila waliporuka, visigino viliandika vishimo vipya kwenye rangi yangu. Kamba za waya, zilizokatikia kwenye vibano na ambazo zikiwa nzima zingekatisha mbele ya waimbaji wa pembeni, zilikuwa zimeviringwa kwa unadhifu juu ya winchi. Mbele yao, akiwa na koti la suti na mikono hewani, alikuwa msimamizi.

Aliniona. Hakukatiza wimbo. Aliumaliza, akawaambia wapumzike, ndipo akaja langoni akijifuta jasho.

"Injinia. Umekuja kanisa?"

"Nimekuja kuona nani alifungua kamba zangu."

"Sasa umeona."

"Ulivigeuza vibano."

"Mimi nilivirudisha." Alinitazama kwa mshangao ambao sikujua kama niuamini. "Jumapili ile nyingine, tukimaliza. Nilikaza mpaka mkono ikauma. Kwani viko na mbele na nyuma?"

"Viko."

Alikaa juu ya jiwe la lango. Niliona akilifikia jambo hilo polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Na wewe ulikuwa hapo chini," alisema.

Mwanamke mmoja wa kwaya alikuwa ametufuata. "Huyu ndiye alitengeneza hii jukwaa?" akauliza. "Mwambieni imeinama kushoto. Sauti ya tatu wote wanateleza."

"Mama, nenda ukae," msimamizi akamwambia.

"Nitakaa. Lakini kama anaenda kusema, aende aseme. Kwani tumeiba?"

Alipoondoka, msimamizi alisema bila kuniangalia, "Hema yetu ilichanwa na upepo. Tuna mashindano ya dayosisi. Mzee hajui hii maneno. Akijua, kwaya inarudi kwa matope, na mimi sijui narudi wapi."

Sikumwahidi kitu. Nilipanda Kileleshwa kwa miguu, na njia nzima nilikuwa bado namshuku: pengine mshangao ule aliuandaa, pengine kwaya nzima ilikuwa pazia la jambo lingine. Nilipofika juu ya mlima hoja zilikuwa zimeniishia. Mtu hufungua kamba ili waimbaji wapite. Huzirudisha kwa heshima. Hukaza kwa nguvu zake zote, kwa sababu hataki mtu aumie. Kosa lake lilikuwa lile ambalo mtu mzembe asingeweza kulifanya.

Usiku huo niliandika sababu. Sikutaja Jumapili, wala kwaya, wala mtu. Niliandika tu kile ambacho chuma kilinionyesha: kwamba vibano viliondolewa na kurudishwa vikiwa vimegeuzwa na mtu asiyejua kanuni, na kwamba ubunifu wangu ulikuwa umemruhusu. Nikapendekeza ncha za kamba zifungwe kwa bomba la chuma lililobanwa kiwandani, lisilofunguka kwa spana yoyote. Niliusoma ukurasa ule mara nyingi nikitafuta jina lililojificha ndani yake. Sikuliona.

Mwenye yadi aliusoma dukani kesho yake, akainua macho.

"Mtu asiyejua kanuni," alisema, "lakini mwenye spana."

Niliuvuta ukurasa upande wangu, nikausoma tena.

"Sanduku la spana lina ufunguo mmoja, binti yangu. Twende."

Yadini hakupaza sauti. Alimwuliza msimamizi swali moja mbele ya wapakuzi, na msimamizi akaeleza yote, kuanzia hema hadi mashindano.

"Mlikuwa wangapi juu yake?"

"Kama thelathini, mzee."

"Mkisimama tu?"

"Tunasifu, mzee."

"Wanaruka!" mpakuzi mmoja akadakia. "Na wamama wa sauti ya kwanza si wepesi."

Mwenye yadi alitembea hadi katikati ya bamba, akalikanyaga kwa kisigino, akaniangalia. "Hukuniambia lingebeba watu thelathini." Kisha akamgeukia msimamizi. "Kazi yako ipo. Mlango utabaki. Lakini Jumapili lango hili linafungwa na ufunguo nalala nao mimi. Siku mtu akianguka hapa mkisali, nitasema nini mimi, Muislamu, kwa mama zenu?"

Msimamizi aliitikia kwa kichwa. Halafu akanitazama, na nikaelewa anachokiona: mtu aliyechungulia langoni Jumapili, na aliyefika na tajiri Jumatatu. Nilitaka kumwambia kwamba sikumtaja. Lakini kila sentensi niliyoipanga ilianza kama vile ambavyo msaliti angeianza.

Kamba mpya zilifungwa wiki iliyofuata, na mwenye yadi akataka kuuona mlango ukipanda kabla ya kuukubali. Mtu alipaswa kukaa kwenye bawaba kutazama. Msimamizi alishika mkono wa winchi.

"Simama palepale, Injinia," alisema. "Kama unaamini kitu yako."

Wapakuzi walisogea nyuma. Nilijua kitu changu, nilikuwa nimekipima. Nisichokuwa nimekipima ni mkono ulioshika winchi. Nilikwenda, nikainama palepale.

Mlango ulipanda. Ulipofika nusu ya safari, mahali pale kamba zilipochanika, aliacha kuzungusha. Meno ya winchi yalishika kwa mlio mkavu, na kivuli cha bamba kikanifunika mgongo.

"Ni wewe ulisema?" aliuliza, kwa sauti ambayo mwenye yadi hangeweza kuisikia.

"Niliandika vibano tu."

"Vibano haviongei."

"Viliongea, mzee wangu. Sikujua vingesema jina lako."

Mkono wake ulikuwa bado kwenye winchi, nami nilikuwa bado chini, nikitazama bawaba ambayo sikuwa nikiiona. Kisha akaanza kuzungusha tena, taratibu, akihesabu meno kwa midomo, hadi mlango ukafunga na yadi nzima ikasikia ukifunga.

"Imekubali," alimwambia mwenye yadi. Nilipoinuka alikuwa tayari ameninyooshea kitambaa cha kufutia grisi, uso wake ukitazama kwingine.