Bibi alikataa somo yake alazwe kibla, wakasema Uzungu umemwingia

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia, ila chumvi siongezi hata punje.

Mimi ni nesi wodi ya vifua, mwaka wa kumi na tisa sasa. Juzi ndugu wa mgonjwa kanifokea: "Mama anahema vile, wewe unamkalisha? Mlaze apumzike!"

Sikumlaza. Nilimkumbuka bibi mzaa mama, maana vita hivi alivipigana kabla yangu, Kariakoo, enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla. Kanisimulia mwenyewe, tena si mara moja.

Alikuwa binti mdogo, mhudumu wa wodi hospitali ya Waafrika. Kufagia, kumwaga mikojo, kugeuza wagonjwa. Mtaani walimwita Binti Beseni. Wacheke tu, macho alikuwa nayo. Aliona wenye pumu wanakalishwa, wanainamia meza, madirisha wazi.

Sasa, alikuwa na somo yake, Bi Mwanaisha, mke wa Mwarabu mwenye duka la kahawa. (Vijana, somo ni mama anayekufunda ukivunja ungo. Huyo humkosei adabu mpaka kaburini.)

Mchana mmoja bibi anatoka kazini, anaambiwa somo yako anakata roho. Kumbe pumu imembana tangu alfajiri.

Akakuta chumba kimejaa wanawake. Dirisha limefungwa, eti upepo usimpige mgonjwa. Chetezo cha ubani kinafuka pembeni ya kitanda. Bi Mwanaisha kalazwa, kaelekezwa kibla, Yasini inasomwa.

Yaani walishamaliza naye! Na mtu bado anahangaika kuvuta pumzi, midomo imekuwa kama zambarau.

Bibi akabeba chetezo, akakitoa uani. Akafungua dirisha. Wifi wa mgonjwa, Bi Sharifa, akamdaka mkono.

"We Binti Beseni, unamnyima somo yako shahada?"

"Shikamoo, Bi Sharifa. Shahada ataitamka amekaa. Niachie mkono."

Loh! Chumba kizima kikamgeukia. Uzungu umemwingia, hana haya, hana dini. Mume mtu akasema toka mlangoni: "Akifa mikononi mwako, nyumba hii usiikanyage tena."

Bibi aliniambia hakuwa na uhakika, wakuu. Hakuna aliyewahi kumfundisha, alikuwa ameona tu.

Akavuta kinu cha jikoni, akakipindua, akaweka mito juu. Akamkalisha somo yake ukingoni mwa kitanda, akamwinamisha mbele, mikono juu ya mito. Akamshika mabega.

"Toa pumzi polepole, somo, kama unapoza uji."

Wengine waliendelea kusoma Yasini, kwa sauti zaidi, kumkomoa. Yeye akaendelea na uji wake. Poza. Poza tena.

Adhana ya alasiri ikawakuta hivyo hivyo. Ndipo Bi Mwanaisha akapata sauti, neno moja moja: "Yasini yote nimeisikia. Nilitaka kuwaambia sijafa. Pumzi sina."

Bi Sharifa akaangua kilio. Mume akakimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Jina la Binti Beseni likaishia siku ile.

Bi Mwanaisha akaishi mpaka akawa kikongwe. Siku yake ilipofika kweli, alitaka ashikwe na bibi tu. Safari hii Bi Sharifa hakugusa kitu, aliuliza tu: "Tumlaze?"

Bibi akamsikiliza somo yake kifua, muda mrefu.

"Sasa ndiyo," akasema. Akamlaza mwenyewe, akamwelekeza kibla, akamtamkisha shahada huku analia.

Mimi ni Mwislamu, kibla naiheshimu, na msije na hoja hiyo. Ninachosema: mtu akibanwa kifua, mkalishe, fungua dirisha, toa moshi, mkimbize hospitali. Usimzike kabla hajafa.

Yule mama wa juzi karudi kwake, kwa miguu yake. Anayetaka kubisha uwanja ni wake, nipo nasoma.