Maji Matupu kwenye Injini ya Lyle

Wewe ungemnyima ndugu yako sauti moja anayoililia kabla hajafa?

Wendell Stroud wa Muncie, Indiana, hakuweza. Kaka yake Lyle alikuwa kwenye nyumba ya wazee, upande wa pili wa mji, mapafu yamekwisha. Kiwanda cha gia kilimnyonya miaka thelathini na minane, kisha kikafungwa. Wakubwa wakaenda zao, yeye akaachiwa kikohozi na barua ya shukrani. Nani aliwahi kuulizwa kwa hilo? Hakuna. Kitu kimoja tu Lyle alikitengeneza kwa mikono yake kikawa chake: Chevrolet ya mwaka 1955, pua juu kama mbwa anayenusa, aliyoiunda mwaka 1968 kwa mbio za robo maili. Injini ilikuwa bado ile ile. Daktari alisema Lyle hatafika Krismasi.

"Niletee niisikie, mdogo wangu," alisema. "Jumapili, chini ya dirisha langu. Na ije kwa magurudumu yake. Usiniletee juu ya trela kama maiti."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Gari la robo maili hukimbia sekunde kumi na mbili, likazimwa. Kwenda kwa Lyle ni maili saba na taa za barabarani kumi na moja, na rejeta ya zamani ya shaba, ya kupoza maji ya injini, ilikuwa viraka vitupu. Tena Jumamosi, siku moja kabla, kulikuwa na mashindano ya kufunga msimu, na Lyle alitaka gari likimbie, aletewe pia hesabu ya sekunde.

Rafiki wa Wendell, Dewey Kessler, alikuja gerejini kwake na rejeta ndogo ya alumini kwapani.

"Hiyo rejeta au sahani ya mayai?" Wendell aliuliza.

"Nyepesi, mzee. Mimi nashinda nayo."

"Wewe unashinda kwa mdomo. Hii taa ya tatu tu inachemka kama birika."

"Basi funga kubwa, ubebe tangi puani, upitwe na bibi yangu."

"Bibi yako alishakufa, Dewey."

"Ndiyo maana nasema."

Wendell akachagua kubwa. Pampu ya maji inayozungushwa na mkanda akaing'oa, maana kwenye taa injini huzunguka polepole na maji nayo husinzia. Akafunga ya umeme, isiyojali mwendo. Feni pia akachukua ya umeme, ivute hewa hata gari likisimama. Siku nne alipima, akakata vyuma, akakaza hozi za mpira, vidole vikachunika. Kila jioni simu ililia.

"Pampu inasukuma?" Lyle aliuliza, akihema.

"Inasukuma, kaka."

Ndani alitia maji matupu. Uwanjani dawa ya rejeta, ile ya kuzuia maji yasigande, ni marufuku: ikimwagika, lami huteleza kama sabuni na mtu hufa. Kwa hiyo wenye magari haya wana desturi yao. Msimu wa baridi ukikaribia, mbio zikiisha maji yote humwagwa, ya rejeta na ya ndani ya injini, gari likarudi nyumbani kavu. Wendell hakuwa na hata kopo moja la dawa gerejini. Miaka hamsini hakuwahi kulihitaji.

Jumamosi gari lilikimbia sekunde kumi na mbili nukta moja. Likasimama foleni nusu saa likiunguruma, mshale wa joto haukutikisika. Dewey akampiga mgongoni.

"Haya, mwaga maji twende."

"Simwagi. Kesho asubuhi naondoka nalo."

"Kuna baridi, Wendell."

"Redio imesema umande tu. Nilihangaika siku nzima kutoa hewa kwenye mabomba, nianze upya? Niache bwana."

Asubuhi, uani kwa Wendell, nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, zikivunjika chini ya viatu. Wendell alifunua boneti. Hozi zilikuwa ngumu kama mfupa. Ubavuni mwa injini, toka mbele hadi nyuma, chuma kilikuwa kimepasuka, na barafu iliyotanuka usiku imechungulia kwenye ufa. Dewey alifika, akautazama ufa, akafunika boneti.

Simu ikalia. Alikuwa Corinne, nesi wa Lyle.

"Mzee Stroud, tumeshamvalisha. Amegoma kula mpaka aisikie. Mko wapi?"

Walikwenda kwa pikapu ya Dewey, wakaegesha ng'ambo ya barabara. Wendell hakushuka. Lyle alikuwa dirishani, amefunikwa blanketi, Corinne kando yake, kioo kimefunguliwa kiasi cha kiganja. Lori likapita. Lyle akainua kidole kumnyamazisha Corinne, akatega sikio mpaka mngurumo ukaisha. Kisha likapita basi la kanisa, naye akainua kidole tena.