Tulipopeleka sukari na majani chai Korbesa kwa sababu ya nyasi zilizokufa

Wakuu, salaam kwenu wote, pamoja na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila hata kuacha like.

Haya yalinipata mwenyewe hapa Isiolo. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile yalivyokuwa. Leo asubuhi nimepokea kifurushi, na tangu hapo niko mbali kimawazo. Nivumilieni.

Mimi ni mtaalamu wa nyasi.

Ndiyo, nyasi. Cheka umalize, nakungoja. Mama yangu kule Meru akiulizwa kazi yangu husema tu "yuko serikalini" na kubadilisha mada.

Kazi yenyewe ni hivi: unazungushia kipande cha malisho ua wa waya ili mifugo wasiingie, halafu kila msimu unarudi kuangalia kilichoota ndani na kulinganisha na nje. Kipande hicho tunaita ploti.

Miaka hiyo tulikuwa watatu. Mimi. Farah, daktari wa mifugo, mtoto wa Isiolo mjini kabisa, babu yake askari wa mkoloni, baba yake mtu wa malori. Na Qabale, dada Mborana wa kijiji cha Korbesa, mtaalamu wa nyasi kama mimi ila kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu. Alikuwa anajua hivyo na hakunificha.

Kila Ijumaa Farah akitoka msikitini tulikutana kwenye veranda yake. Chai ya maziwa ya ngamia, mandazi ya mke wake, vumbi la barabara likipita zake.

Wakuu, chai ile! Maziwa yalikuwa yanatoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Unakuja umechoka na dunia, unaondoka ukiwa mtu. Nikipata harufu ya moshi ule hata leo, natafuta Farah yuko wapi.

Sasa, stori zetu zilikuwa kazi tu. Mvua imekosa, tunachora grafu. Ng'ombe wamekufa, tunachora grafu nyingine. Tulikuwa tunaona hiyo ndiyo njia ya kuvumilia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama analala vizuri.

Basi mvua ikakosa tena, na tena. Ijumaa moja Qabale akafika kutoka kwao. Hakugusa chai.

"Ile ploti ya nyumbani imeisha," akasema. "Hata ndani ya ua. Nimechimba, mizizi imekufa."

Niwaeleze ploti hiyo. Ndipo alipochungia mbuzi akiwa mtoto. Ndiyo sababu alisomea nyasi. Alipoajiriwa, ploti ya kwanza aliiweka pale, na nyingine nyingi zilipokuwa zinakufa, hiyo ilibaki. Alikuwa anaitaja vile mtu anataja mtoto wake wa shule.

Akaanza kulia.

Mnajua tulifanya nini? Mimi nilifungua laptop.

"Ulichukua sampuli ya udongo?" nikamuuliza.

Farah naye akadakia, "Inaweza kuwa ni mchwa."

Nikamwambia mchwa hawawezi kumaliza hivyo. Akasema wanaweza. Wakuu, tulibishana habari ya mchwa mbele ya mama wa watu analia, mpaka chai yake ikafanya utando juu. Alichukua mkoba wake akaenda.

Wiki iliyofuata hakuja kazini. Nyingine pia. Halafu akatuma ujumbe: anaacha kazi, anakaa Korbesa kwa mama yake, baadaye atafungua duka na dadake mjini Merti. Mwisho akaandika, "Nimechoka kuhesabu vitu vikifa."

Niliusoma nikaogopa, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimechoka hivyo hivyo, ila sikuwa na maneno yake. Akiondoka huyu, nilijua mimi ndiye nafuata.

Farah akanigeukia. "Kwani wewe, mtu akifiwa unamuuliza sampuli?"

"Na wewe na mchwa wako?"

"Huko kwenu Meru mtu akifiwa mnapeleka nini?"

"Sukari na majani chai."

"Hata sisi. Twende dukani."

Nilidhani anatania. Jumamosi tulikuwa kwenye barabara ya Merti, sukari na majani chai nyuma ya gari, na kibuyu cha maziwa ambacho mke wa Farah alikifunga kwa kanga kisimwagike. Kufika Korbesa tulikuwa weupe kwa vumbi mpaka nyusi.

Mama yake Qabale alitupokea. Salamu ya Kiborana haina haraka. Watu ni nagaa? Nagaa. Mifugo ni nagaa? Nagaa. Unajibu amani kwanza hata kama nyumba inaungua, mabaya yanakuja baadaye.

Halafu akaona sukari. Akashika kifua.

"Nani amekufa?"

Farah akaniangalia. Qabale alikuwa ametoka nje, anatuangalia wote wawili kama vichaa. Ikabidi niseme.

"Mama, tumekuja kumpa Qabale pole. Nyasi zake zimekufa."

Nilingoja kicheko. Mama alipokea sukari kwa mikono miwili, akaagiza maji yawekwe motoni, akakaa chini.

"Nyumba yangu ya kwanza niliezeka na hiyo nyasi," akasema. "Ng'ombe wakikufa, watu walikuja kunipa pole. Ya nyasi hakuna mtu alikuja."

Qabale akamwangalia mama yake. Nadhani hakuwahi kujua. Akaenda akakaa karibu naye, wakalia pamoja, na mimi nikalia, mtu mzima na PhD yangu. Nilikuwa na huzuni ya miaka na sikuwa nimeipa nafasi hata siku moja.

Baada ya chai tulienda kwenye ploti. Hakuna aliyepima, hakuna aliyepiga picha. Farah akaomba dua, mimi nikaitikia amina.

Alirudi? Siku moja tu mlango wa ofisi ukafunguliwa, na kabla ya salamu akasema, "Ile mambo ya mchwa mlikuwa mnaongea upuzi." Sijawahi kufurahia kutukanwa hivyo.

Kuanzia hapo veranda ikapata sheria: kikombe cha kwanza hakuna data. Mwenye kufiwa anasema kilichokufa, wengine wanasema pole, basi. Laptop ni kikombe cha pili. Ukivunja sheria unaosha vikombe. Wakaja na wengine, kijana wa vipimo vya mvua, dada wa wanyamapori, jamaa wa visima kutoka Oldonyiro. Farah ndiye aliyeosha vikombe kuliko wote.

Wakuu, nazimisi zile Ijumaa. Farah alistaafu akaenda kwa watoto wake Nairobi. Veranda sasa wanauza kava za simu. Qabale alihamishiwa Marsabit. Mimi nakunywa chai ya maziwa ya pakiti, peke yangu, mbele ya kompyuta.

Juzi ploti yangu ya Kulamawe imekufa, ile niliyoanza nayo kazi. Niliandika ripoti nikaituma. Kwa simu nilimgusia Qabale sentensi moja, nikarukia stori ya mvua ya Marsabit.

Leo nimeitwa ofisi ya vifurushi vya basi. Nimefungua pale pale kaunta.

Sukari na majani chai.

Nimempigia. "Qabale, hii ni nini?"

"Nimesikia umefiwa."

Nimelia, wakuu, watu wa miraa wakiwa nyuma yangu kwenye foleni. Karani akaniuliza kwa upole, "Mzee, nani amekufa?"

"Nyasi za Kulamawe."

Ameniangalia, akaona sitanii. "Pole sana, mzee," akasema, na akangoja nipanguse uso kabla ya kuita mwingine.

Nilichojifunza ni kidogo tu: kujua sababu ya kifo hakukuondolei msiba. Kama kazi yako ni kupima kinachoisha, iwe barafu ya mlima, samaki, mto au nyuki, wewe ni mfiwa, na mfiwa hakai peke yake.

Sufuria iko motoni hapa. Andika chini ni nini kimekufia, tukupe pole.

Kikombe cha kwanza, hakuna data.