Baba Yangu, Yama wa Odette

Moshi wa Élisabethville ulitupokea kabla ya watu wake. Tulikuwa bado juu ya lori lililotutoa Kasenga, mimi na mama, tumekaa juu ya vikapu vya samaki wakavu, nilipohisi kooni ukali kama wa kiberiti kilichowashwa karibu na pua. Mama akaniambia kwamba huo ni moshi wa kiwanda cha shaba, ndiko anakofanya kazi baba. Baba aliondoka kwetu, kando ya mto Luapula, nikiwa mdogo mno. Hata sura yake nilikuwa nimeitunga mwenyewe kutokana na maneno ya mama. Tulishuka mtaa wa Kamalondo nyumbani kwa shangazi, dada yake baba, ambako baba alikuwa akiishi miaka yote hiyo. Mafundi walishona barazani, cherehani zikilia nyumba hadi nyumba. Wanawake walipanga ndoo kwenye bomba na kugombana bila kukasirika. Jioni taa ziliwaka bila mtu kutia mafuta. Ningeweza kuupenda mji ule siku ile ile. Lakini kila kitu nilionyeshwa na Odette, binti wa shangazi, rika langu, mwenye viatu vyeupe vya turubai, naye alinionyesha bomba, taa na mkate kama mtu anayemtembeza mgeni ndani ya nyumba yake. Wanasema mgeni ni kuku mweupe. Mimi nilikuwa kuku mweupe anayenuka samaki.

King'ora cha kiwanda kilipolia jua likiinama, Odette aliacha kila alichoshika akakimbilia barabara kuu. Nilimfuata. Wanaume walikuja kwa wingi juu ya baiskeli, nguo zao na nyuso zao zikiwa na rangi moja ya vumbi, nami sikujua nimtazame nani. Odette alijua. Alimrukia mmoja wao, na yule mtu akacheka kabla hajaniona. Kisha akaniona, akashuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili akanitazama sana, na machozi yakamlenga. Sikatai kwamba alifurahi. Ila baiskeli ilikuwa na kiti kimoja cha nyuma. Akanipandisha mimi hapo, na Odette akampakia mbele, juu ya bomba la baiskeli, katikati ya mikono yake. Njia nzima niliona shati la mgongoni lililolowa jasho, nikisikia wakizungumza huko mbele mambo ambayo sikuyajua, ya watu ambao sikuwajua.

Ikawa hivyo kila siku. Odette ndiye aliyejua kwamba baba hali bukari, ugali wa huko, ikiwa ya moto sana, na kwamba akirudi kimya asisemeshwe mpaka anawe. Nikichota maji ya kunawa, nilikuta yeye ameshachota. Jioni moja tukiwa tumezunguka chakula, baba alimega kipande cha samaki, samaki wetu wa Kasenga, akakiweka mbele ya Odette kwanza. Nikasema mbele ya wote, "Huyu ni baba yangu."

Odette hakuinua hata macho. "Ni yama yangu," akasema. "Yama ni wetu. Weye uko wa ukoo wa mama yako."

Yama kwetu ni mjomba, kaka wa mama. Shangazi alimkemea binti yake kwa sauti ndogo, kama mtu anayemkemea anayesema kweli. Nilimgeukia baba, nikingoja. Alitafuna, akameza, akasema taratibu, "Ile wakati nilikuwa mugonjwa, ni Odette alikuwa ananipatia mayi ya kunywa. Usimwambie vile."

Mama alinitoa nje, akanifafanulia kwamba kwetu Luapula mtoto huhesabiwa kwa mama yake, na mwanamume ana jukumu kubwa juu ya watoto wa dada yake. Odette hakuwa ameniibia kitu. Nilielewa, na kuelewa kukazidisha uchungu, kwa sababu mwizi angalau angenyang'anywa. Mama pia hakuwa ametulia kama alivyojifanya. Hakupita muda mrefu akaanza kumsemesha baba juu ya nyumba yetu wenyewe, na tulipopata moja mtaa wa Katuba, tukahama. Odette alibeba sufuria zetu hadi kwenye mkokoteni, akamuaga baba kwa kumpa mkono kama mtu mzima. Nilifurahi kiasi cha kuona haya. Lakini tangu siku hiyo baba, akitoka kazini, alipitia kwanza Kamalondo kumwona dada yake. Alifika kwetu giza limeingia, ameshacheka, ameshasimulia, amebaki na uchovu tu. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilikuwa sipo pale baba alipokuwa akifika.

Siku hizi watoto wa Katuba humwita kila mwanamume "tonton", neno moja la Kifaransa kwa amu na mjomba, na hawajui nani ni wa ukoo gani. Baba tulimzika zamani. Wajukuu wangu huniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nami huwaambia ninayoyajua: alipenda usafi, alisali, hakumpiga mtu. Wakitaka kujua alikuwaje alipokuwa kijana, aliimba nini, alimwogopa nani alipofika mjini, inanibidi niwapeleke kwa Odette. Yu hai, na hasahau kitu. Anasimulia mpaka watoto wanashika mbavu kwa kicheko, kisha wananigeukia waone kama ni kweli. Naitikia kwa kichwa. Nami ndiyo kwanza nasikia.